Ipi ndo sura halisi ya Henry wa Nane, Shakespeare, Pocahontas na Washington? Nina oda ya mabango

Pikseli_wa_Moro

Habari za jioni wakuu. Nina kaduka ka steshenari hapa Morogoro, prinita moja ya rangi, fotokopi mbili (moja inatafuna karatasi) na mashine ya laminesheni. Wiki iliyopita shule moja ya inglishi midiamu imenipa oda ya mabango 12 ya A3 ya kubandika kwenye korido, watu maarufu wa historia ya Uingereza na Marekani ya mwanzo mwanzo, kina Henry wa Nane, Malkia Elizabeth wa Kwanza (sio huyu aliyefariki 2022), Shakespeare, Oliver Cromwell, Pocahontas, Washington, Franklin, wengine nijazie mwenyewe. Nikasema hii hela ya bure, nadaunlodi, napachika jina, nalamineti, kesho nimelipwa.

Kumbe wapi. Henry nikamprinti fasta, bonge la picha, kila uzi wa joho unauona, nikapeleka sampo. Mwalimu wa taaluma kaliangalia kama dakika nzima hivi halafu ananiuliza "huyu si yule wa kwenye tamthilia?" Aisee nilitamani ardhi ipasuke. Ni mwigizaji kweli, kavalishwa tu nguo za kifalme. Na chini nilikuwa nimeandika HERNY VIII.

Tangu siku hiyo naogopa hata kubonyeza printi. Shakespeare ukimtafuta zinakuja sura tano, mmoja ana hereni, mwingine kichwa kama yai, mwingine kijana mtanashati utadhani bwana harusi. Pocahontas kuna mwenye kofia ndefu ya kizungu na sura imekaza, kuna mweupe pee, na kuna wa katuni. Washington wa kwenye noti ya dola anaangalia huku, kwenye picha ya rangi anaangalia kule. Elizabeth ndo usiseme, uso kama kapakwa sembe.

Swali langu, enzi hizo kamera hakuna, sasa tunajuaje hizi sura ni zao kweli? Na kwa kila mtu nichukue picha ipi ili mzigo usirudi tena? Nakabidhi Jumatatu. Natanguliza shukrani.

kiti_cha_dirishani

Ngoja waje wenye historia yao, mimi nimekuja kusoma komenti. Ila mkuu HERNY umetisha.

Mwana_wa_Fundi

Mkuu pole ila umeuliza swali zuri. Kwenye kila picha jiulize kitu kimoja kabla ya vyote, huyu mtu alikaa mbele ya mchoraji, au mchoraji alimtoa kwenye picha nyingine? Halafu uliza nani alilipa. Ukishajua hayo mawili nusu ya hizo sura unazitupa mwenyewe.

Anza na Henry. Yule unayemjua, kasimama kapanua miguu kama konda mlangoni mwa daladala, alichorwa na Hans Holbein, Mjerumani aliyehamia London, mwaka 1537, kwenye ukuta wa kasri ya Whitehall, yeye na baba yake na mama yake na mkewe wa wakati huo Jane Seymour. Huo ukuta haupo tena. Kasri iliungua 1698. Kwa hiyo hao kina Henry wote wa mtandaoni waliosimama wima ni kopi, na kuna waliozichora ambao Henry walimsikia tu. Kilichobaki cha mkono wa Holbein kwa kazi ile ni mchoro wa wino kwenye karatasi, urefu zaidi ya mita mbili na nusu, upo National Portrait Gallery, jumba la picha za watu maarufu London, na hapo ndo patamu, maana ile karatasi imejaa vitundu vya sindano. Marehemu mzee wangu alikuwa mchora mabango ya maduka kabla nyie wa prinita hamjatuulia kazi (utani huo mkuu) na mimi ndo nilikuwa mtoboaji wake. Anachora herufi kwenye karatasi ya kaki, natoboa kwa sindano kufuata mstari mpaka kidole kinaota sugu, tunaibandika ukutani, tunaipiga piga na kifuko cha vumbi la mkaa, ukibandua unakuta mstari wa vidoti umehamia ukutani na wewe umekuwa mweusi mpaka kwenye kope. Holbein mbinu yake ni hiyohiyo! Siku naona ile karatasi kwa ukaribu, vile vitundu vinavyozunguka ukingo wa joho, nilicheka peke yangu kama chizi. Halafu uso wa Henry upo kwenye kipande chake cha karatasi kimegundishwa juu, kata bandika ya miaka karibu 500 iliyopita.

Ukitaka Henry wa rangi kutoka mkononi mwa Holbein mwenyewe chukua ile iliyopo Madrid, jumba la Thyssen. Ni ndogo, sentimita 28 kwa 20, ndogo hata kuliko karatasi yako ya A4, na zamani ilikuwa mali ya ukoo wa Spencer, haohao wa Princess Diana. Macho madogo, mdomo umebanwa, shavu limejaa. Ukimwangalia sana unaanza kujikagua kama una kosa.

Holbein huyohuyo ndo alitumwa 1539 kwenda Ujerumani kumchora Anne wa Cleves ili Henry aone kama anamposa. Picha ya mchumba kabisa, kama zile za kutumiana kwenye simu. Henry kaipenda, bibi harusi kaja, kumwona uso kwa uso akasema hapana. Wakafunga ndoa Januari 1540 kwa kusukumwa na siasa, Julai ikavunjwa, na Thomas Cromwell aliyesimamia posa akakatwa kichwa mwezi huohuo, japo mashtaka yake yalikuwa mengine mengine. Cha kushangaza Holbein hakuguswa. Picha ipo jumba la Louvre, Paris. Na Cromwell huyu usimchanganye na Oliver wako, Oliver katokea kwenye uzao wa dada yake Thomas na kazaliwa 1599.

Elizabeth sasa. Huyu kwenye mambo ya picha aliwazidi wote. Unaijua picha rasmi ya Rais inayotundikwa kila ofisi, na dukani kwako nadhani ipo juu ya kaunta? Wenzake waliwaza hivohivo zamani, 1563 iliandikwa rasimu ya tangazo kwamba watu waache kumchora malkia ovyo, asubiriwe fundi mmoja amchore vizuri na wengine wote wakopi kwa huyo. 1596 baraza lake likaagiza picha zake zilizochorwa vibaya zisakwe ziharibiwe. Mafundi walikuwa na kiolezo cha uso, kinapita mkono kwa mkono miaka na miaka, kinachobadilika ni gauni tu. Ndo maana kuna ile wanaiita picha ya upinde wa mvua, ipo Hatfield House, imechorwa kwenye mwaka 1600 hivi, bibi anakaribia 70 lakini uso ni wa binti wa 25, na joho limechorwa macho na masikio kila mahali, yaani nawaona na nawasikia. Filta hazijaanza leo.

Huo weupe sasa, sio wote wa kwake. Kuna picha inaitwa ya Darnley, wataalamu wa pale National Portrait Gallery waliichunguza wakakuta rangi nyekundu ya mashavuni imepauka na miaka, mwanzo alikuwa na damu usoni. Kwa bango lako mimi ningechukua ile ya Armada, ya mwaka 1588 hivi, baada ya meli za Hispania kupigwa. Zipo tatu zinazofanana, moja ipo Greenwich kwenye eneo alilozaliwa. Mkono kauweka juu ya tufe la dunia, na vidole vimekaa palepale kwenye Amerika. Hapo unakuwa umeunganisha Uingereza na Marekani kwa bango moja.

Oliver Cromwell, yule aliyetawala Uingereza bila mfalme, haina shida. Ana chunjua chini ya mdomo, ukiona Cromwell mwenye ngozi laini tupa. Ule msemo wake kwa mchoraji Peter Lely kwamba anichore na chunjua zangu zote ulikuja kuandikwa zaidi ya miaka 100 baada ya yeye kufa kwa hiyo usiuweke kwenye bango. Ila chunjua ni za kweli, mpaka kwenye kinyago cha uso alichochukuliwa alipokufa zipo.

Pikseli_wa_Moro

Daah mkuu umenikosha. Hiyo ya Madrid nimeipata. Kumbe mimi na huyo Holbein ni watu wa kata bandika wote.

Mwalimu_Mstaafu_Tanga

Wanangu hamjambo. Pikseli, mimi nimefundisha miaka mingi na mabango yenye makosa nimeyaona mengi, nakupongeza kwa kuuliza maana wengi hawaulizi.

Shakespeare nianze na huyo wa kichwa cha yai. Huyo yupo mbele ya kitabu kikubwa cha tamthilia zake kilichotoka 1623, miaka saba baada ya yeye kufariki. Sio picha ya brashi, imechongwa kwenye bamba la shaba halafu ikapigwa chapa, na mchongaji Martin Droeshout kazaliwa 1601, Shakespeare anakufa 1616 yeye ni kijana wa miaka 15, kwa hiyo usitegemee kwamba walikaa wakatazamana. Kichwa hakikai vizuri shingoni, kimeegeshwa juu ya ile kola kama embe juu ya sinia. Lakini kitabu kilitolewa na waigizaji wenzake waliokuwa naye jukwaani miaka mingi, na mshairi Ben Jonson kaandika beti za kuisifu ukurasa wa jirani, kwa hiyo kufanana walau kidogo lazima alifanana, la sivyo wangeikataa.

Huyo wa hereni inaitwa picha ya Chandos. Jumba la National Portrait Gallery lilipoanzishwa 1856 hiyo ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuingia, namba moja kwenye daftari lao. Katika zote za rangi hiyo ndiyo yenye nafasi kubwa kuwa ilichorwa akiwa hai, ingawa cheti cha kuzaliwa haina. Watumie hiyo. Huyo bwana harusi wako alitangazwa kwa kishindo 2009, wataalamu wengine wakasema huyo ni mtu mwingine kabisa, mwache. Na ipo nyingine ukiiona imeandikwa 1609 pembeni usishawishike. Miaka mingi watu waliiamini, mwaka 2005 ikapimwa, wakakuta ndani yake rangi ya njano ambayo viwandani imeanza kutumika karne ya 19. Yaani mtu kachora baada ya miaka 200 akaandika tarehe ya zamani. Huyo mwanafunzi angekuwa wangu angerudia darasa.

Chini ya Shakespeare ukiweza weka mstari mmoja kwamba Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia zake mbili kwa Kiswahili, watoto watasimama kusoma.

Kwa Pocahontas, yule binti wa wenyeji wa asili wa Amerika, nakuomba uwe makini zaidi. Picha iliyochorwa akiwa hai ni moja tu, hiyo ya kofia ndefu na sura iliyokaza. Kaichonga Simon van de Passe mwaka 1616, London, yule binti ameshabatizwa Rebecca, ameolewa na mkulima wa tumbaku, na kampuni iliyokuwa inaendesha koloni la Virginia ndiyo iliyogharamia safari ili wazungu wenye fedha wamwone wawekeze. Kwa hiyo zile lesi na ile kola ngumu hakuvaa kwa kupenda fasheni, ni tangazo la biashara lile. Pembeni wameandika ana miaka 21, na jina lake la kwao Matoaka lipo palepale. Macho makubwa, mashavu ya mifupa, ameshika upepeo wa manyoya ya mbuni, hacheki hata kidogo. Machi 1617 akafa Gravesend, meli inaanza tu kurudi. Huyo mweupe pee ni mtu aliyeichukua hii ya shaba baadaye akaipaka rangi, na kila alipopita na brashi binti akazidi kuwa mzungu. Nilikuwa nawawekea wanafunzi zote mbili ubaoni na kuwaambia watafute nini kimebadilika, na hawakuwa wanaanza na nguo, walianza na pua.

Pikseli_wa_Moro

Shikamoo mwalimu. Asante sana, Pocahontas nilikuwa nimeshamchagua yule mweupe kwa sababu ana rezolusheni kubwa.

Bado Wamarekani. Mwalimu wa taaluma kaniambia kwa Washington niweke kamaelezo kuhusu meno yake ya mbao, watoto watafurahi. Niweke?

mbongo_wa_DMV

Usiweke meno ya mbao!! Niko huku Maryland, naishi kama dakika 40 kutoka Mount Vernon alikokuwa anakaa, wageni wakija wote nawapeleka huko, meno nimeyaona kwenye kioo mara sijui ngapi. Hakuna mbao. Ni madini ya risasi, meno ya watu, pembe, springi, na seti nyingine alizochongewa ni za meno ya kiboko. Kiboko kabisa wa Afrika. Alipoapishwa urais 1789 alikuwa kabakiwa na jino lake moja tu mdomoni. Na kwenye daftari lake la hesabu, Mei 1784, kuna mstari umeandikwa kalipa watu weusi kwa meno 9, majina hakuna, wale watumwa wake. Haijaandikwa kwamba meno yale ndo yaliingia mdomoni kwake ila daktari wa meno aliyekuwa anamtibu alikuwa wa kazi hizohizo za kupandikiza meno. Sasa hilo la kuandika kwenye bango la watoto au la, mtajua wenyewe na mwalimu wako, ila mbao hapana.

Na hilo ndo linakujibu habari ya sura. Mchoraji Gilbert Stuart alimkalisha Washington 1795 na 1796, na ile iliyopo kwenye noti ya dola moja imetoka kwenye ya 1796 inayoitwa Athenaeum. Angalia mdomo, umejaa kama mtu kaweka pamba, ni meno mapya ya bandia yanasukuma. Halafu mzee alikuwa hapendi kukalishwa na mchoraji, ananuna, Stuart akajaribu stori za vita hola, akaja kumpata kwa stori za farasi. Kwa nini kwenye dola anaangalia upande mwingine? Noti imegeuzwa tu, kushoto ikawa kulia, wewe wa kuprinti unajua hayo mambo. Macho yako hayana shida.

Stuart alikuwa mjanja wa mjini. Ile picha iliagizwa na mke wa Washington, jamaa hakuimalizia makusudi, mpaka leo ukienda utaona kichwa kimekamilika na mabega hamna, pembe nzima ni rangi ya kahawia tupu, kwa sababu angemaliza angetakiwa aikabidhi. Akakaa nayo akawa anatoa kopi, anauza dola 100 moja, na mwenyewe alikuwa anaziita noti zake za dola mia. Alitoa nyingi kweli. Kwa hiyo mkuu wewe na fotokopi yako ni warithi halali wa Stuart.

Sasa ngoja nikupe ya kukufariji kuhusu HERNY. Kuna ile ya Washington mzima kasimama kanyoosha mkono, original ipo National Portrait Gallery ya huku Washington, waliinunua 2001 kwa dola milioni 20 baada ya mwenyewe Mwingereza kutaka kuiuza. Kopi yake ipo Ikulu. Chini ya meza kwenye hiyo kopi kuna vitabu, kimoja mgongoni kimeandikwa katiba na sheria za United Sates. SATES. T moja imekula kona. Ipo Ikulu ya Marekani tangu 1800 na hakuna aliyerudishiwa mzigo.

Na ni hiyohiyo kopi ya SATES iliyookolewa Agosti 1814 Waingereza walipoichoma Ikulu. Vitabu vingi vinasema Dolley Madison, mke wa rais, aliikata kwenye fremu mwenyewe akakimbia nayo. Paul Jennings, alikuwa mtumwa humo ndani, kijana wa miaka 15, kaja kuandika 1865 kwamba huo ni uongo, mama aliondoka na vyombo vya fedha alivyoweza, waliopanda ngazi wakaishusha ni mtumishi Mfaransa na mtunza bustani. Mama kweli aliagiza itolewe, hilo lipo. Ila kupanda ngazi kapanda mtu mwingine.

Kwa Franklin chukua ya Mfaransa Duplessis ya 1778, ipo New York, kavaa koti lenye kola ya manyoya, hana wigi. Noti ya dola 100 imetoka kwa mchoraji huyohuyo. Hakuvaa wigi makusudi, Wafaransa walipenda kumwona kama mzee wa porini mwenye hekima na yeye akawapa walichotaka. Na kama una nafasi ongeza Paul Revere wa John Singleton Copley, 1768, ipo Boston. Fundi wa fedha, kavaa shati tu bila koti, mkononi ana birika analotaka kulichonga nakshi, vifaa vyake mezani, kidevu kakiegemeza kwenye kiganja, anakuangalia kama anakadiria bei ya kukuchaji. Hiyo ndo naipenda kuliko zote za Wamarekani.

mkereketwa_77

Mnisamehe lakini mimi nauliza, watoto wa Morogoro wanabandikiwa korido nzima wazungu 12 ili iweje? Hamna Mkwawa? Hamna Kinjeketile? Halafu mnapongezana.

Pikseli_wa_Moro

Mkuu mimi natekeleza oda, wakitaka Mkwawa naprinti Mkwawa bei ileile. Ila nafasi kadhaa za kujaza zipo mikononi mwangu, kama una mtu mlete.

mlinzi_wa_zamu_Doha

Mtu yupo. Ayuba Suleiman Diallo. Niko Doha na ndo maana namjua, nitakwambia.

Huyu alikuwa mtoto wa ukoo wa masheikh, Bundu, sehemu ya Senegal ya leo. Alipelekwa na baba yake kuuza watumwa wawili (ndio, yeye ndo alikwenda kuuza, sifichi) na kwenye kurudi akatekwa akauzwa yeye, akavushwa mpaka Maryland, akatiwa kwenye mashamba ya tumbaku. Akaandika barua ya Kiarabu kwa baba yake. Barua haikufika Senegal ila ikafika mikononi mwa Mwingereza mmoja mkubwa, James Oglethorpe, mambo yakazunguka wakamtoa, 1733 yupo London. Akiwa huko akaandika misahafu mitatu mizima kutoka kichwani. Mitatu!

Wakataka achorwe. Mwanzo alikataa, anaogopa picha isije kuabudiwa, wakamtuliza. Mchoraji ni William Hoare. Kamaliza uso, akauliza nguo nichore zipi, Ayuba kasema za kwetu. Hoare akajibu nguo ambazo sijawahi kuziona siwezi kuzichora. Ayuba akamwambia kama ambacho hamjakiona hamwezi kukichora, mbona wachoraji wenu wengine wanathubutu kumchora Mungu ambaye hakuna aliyemwona? Haya ameyaandika Mwingereza aliyesafiri naye, Thomas Bluett, 1734, wakati Ayuba mwenyewe bado hai. Jamaa wakanyamaza, akatafutiwa kanzu na kilemba, na kwenye picha utaiona Kurani ina jalada jekundu imening'inia kifuani. Anaangalia pembeni kidogo, ametulia, ndevu chache. Wengine wote mliowataja hapo juu walilipa au walilipiwa ili waonekane wanavyotaka wakubwa, huyu alikuwa juzi tu anang'oa tumbaku na bado akashinda mabishano ya nguo.

Doha inaingiaje? 2009 picha iliuzwa mnadani London, walionunua ni mamlaka ya makumbusho ya hapa Qatar, Waingereza wakazuia isitoke nchini, wakachangishana, mwisho wakaelewana, mali ni ya Qatar ila wakaiazima kwa National Portrait Gallery. Ndiyo picha ya kwanza inayojulikana ya rangi za mafuta Uingereza ya mtu aliyetoka utumwani kuchorwa kwa jina lake na heshima yake. Na aliishi Maryland kwa hiyo kwenye oda yako ya Marekani ya mwanzo anaingia bila kusukumwa.

mbongo_wa_DMV

Hapo kwa Ayuba nakuunga mkono, na kuna nyingine ya picha hiyohiyo huku Virginia.

Bi_Mkubwa_wa_Shangani

Nami naweka la kwangu moja. Ahmad bin Naaman. Mwaka 1840 Seyyid Said alipeleka jahazi lake Sultana mpaka New York na karafuu na pembe na zawadi za rais, farasi wawili wa Kiarabu ndani yake, na Rais Van Buren akashindwa kuwapokea kwa sababu katiba yao hairuhusu, ikabidi Bunge lao liwauze fedha iingie hazina. Mjumbe alikuwa Ahmad, na watu wa mji wa New York wakamchoresha kwa Edward Mooney. Ipo Salem, Marekani, kwenye makumbusho ya Peabody Essex. Kilemba, jambia, macho yamelegea kidogo kama mtu aliyechoka na maswali. Na Salem ndiko zilikokuwa zinatoka meli zikileta lile gora tuliloliita merikani, bibi zetu wameshonea kanga na shuka. Mwaka 1840 sijui kama kwenu ni mwanzo mwanzo, mkiona umechelewa muacheni.

Mwana_wa_Fundi

Bi Mkubwa umechelewa kidogo kwa tarehe ila umeingia kwa uzuri. Pikseli weka.

Pikseli_wa_Moro

Wakuu leo Jumatatu, nimetoka kukabidhi. Henry wa Madrid, Elizabeth wa Armada, Cromwell na chunjua zake, Shakespeare wa hereni na mstari wa Mwalimu Nyerere chini, Matoaka na kofia yake (jina hilo nimeliandika kubwa, Pocahontas dogo), Franklin bila wigi, Washington wa dola ila kaangalia upande wake wa kweli, fundi Revere, Ayuba, Ahmad bin Naaman, na wawili nimewajaza kwa haraka sitawataja msije mkanichamba.

Mwalimu wa taaluma kasimama kwa Ayuba muda mrefu kuliko kwa Henry, kauliza huyu ni nani, nikamsimulia ya nguo, kacheka mpaka kavua miwani. Meno ya mbao nimemwambia hayapo nikamweleza ya kiboko, kasema andika ya kiboko. Ya daftari la 1784 kasema atawasimulia mwenyewe darasa la saba.

Mzigo umepokelewa wote kasoro mmoja. Kwa Elizabeth niliandika chini "malkia wa Uingereza 1558 hadi 1630". Nimeshageuza tarakimu, nipo dukani naprinti upya, na ile fotokopi imeanza tena kutafuna karatasi.

kiti_cha_dirishani

United Sates.